Mbwa Aliyemchunga Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninaposikia lango la bati likilia. Sijawahi kumsimulia mtu. Lakini juzi uliniuliza umchukue yupi kati ya wale mbwa wawili, koli au labrado, nami nikakujibu kwamba nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Nilikuwa naona haya.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane, sijaoa, nikiishi na mama yangu Kibirichia kwenye robo ekari yetu. Kila asubuhi nilikwenda Timau kwenye shamba la mboga, kazi yangu ikiwa kupima mizigo na kuiandika. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo nilijifundisha kwa vitabu, na kila jambo nililiweka kwenye daftari kwa mistari iliyonyooka. Tabia hiyo si mbaya. Ila wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilidhani methali hiyo walitungiwa watu wengine.

Mwenzangu wa kazi, Mutwiri, alikuwa na watoto wawili wa mbwa wa kugawa. Akawaleta nyumbani kwenye kikapu cha viazi ili nichague mmoja. Wa kwanza alikuwa koli, mweusi mwenye kifua cheupe, mbegu ya mbwa wanaochunga kondoo. Wa pili alikuwa labrado, rangi ya ngano iliyokomaa. Wote wawili ni mbwa wasiojua kutulia. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima, na katika daftari langu koli alikuwa ameshashinda kwa akili, wepesi na usikivu.

Labrado akatambaa, akalala juu ya mguu wa mama.

"Huyu ananipasha miguu joto," mama akasema.

"Mama, mbwa si jiko," nikamjibu. Mutwiri akacheka. Mama naye akacheka kidogo. Nikamchukua koli.

Kuna jambo jingine lazima nilitaje, ingawa linaniuma. Mwezi huohuo, mvua ikinyesha, mama aliteleza barabarani akitoka kanisani na rafiki yake, Mama Nkatha. Hakuumia sana, ila alianza kutembelea fimbo. Nilimkaripia mbele ya watu: "Ukae nyumbani, mama! Unatafuta nini barabarani?" Kesho yake nilikuwa nimeyasahau maneno hayo.

Kitabu kilisema koli hafai kufungwa mnyororo. Majirani walifunga mbwa wao mchana kutwa. Mimi msomi nikazungushia boma ua imara, nikatia lango la bati, nikamwacha huru. Mbwa akakua. Nikawa nikirudi jioni nakuta kuku wote wamesongamana kwenye kona moja kama wanafunzi waliochelewa, na asubuhi nawachekesha wenzangu kazini kwa habari hiyo. Sikujiuliza: mbwa aliyezaliwa kuchunga, akishinda ndani ya ua huu, akishamaliza kuwachunga kuku amebakiwa na nani?

Nilichoona ni kwamba mama hatoki tena. Nikasema uzee umefika. Na kwa kweli, mwanangu, nilifurahi, kwa sababu sikuwa tena na wasiwasi wa barabara.

Basi siku moja ya mapumziko nilikuwa kando ya nyumba nikichimba viazi, nikasikia Mama Nkatha akiita langoni. Nikainua kichwa. Mama akainuka kwenye benchi, akashika fimbo, akapiga hatua nne. Mbwa akashusha tumbo karibu na ardhi, akamkazia macho, akamzunguka, akamgusa kisigino kwa meno bila kumuumiza. Mama akasimama. Kisha akageuka na kurudi kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyeizoea njia hiyo.

"Umeona sasa?" Mama Nkatha akaniambia kwa juu ya lango. "Murithi, hata mbuzi wangu hutolewa kwenda kunywa maji. Huyu mwenzangu miezi minne hajakanyaga barabara. Hivyo vitabu vyako huwa vinakuambia nini?"

Nikamwendea mama mbio. "Mbona hukuniambia?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani ni wewe uliyemfundisha. Si ulisema nikae nyumbani?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ametii tu. Miezi minne mama yangu aliishi akiamini kwamba mwanawe amemwekea askari, na bado kila jioni alinipakulia chakula na kuniuliza kazi ilikuwaje. Nilitamani ardhi ipasuke.

Koli nilimpeleka kwa ndugu wa Mutwiri, mwenye kondoo huko Timau. Alipowaona kondoo alichomoka, wala hakugeuka nyuma hata mara moja. Hakuwa mbwa mbaya. Nikarudi nikafungua lango wazi. Mama akatembea hadi kwenye nguzo, akaishika, akatazama barabara.

"Kumbe pale walishavuna," akasema. Kisha akaomba kurudi kukaa.

Miguu ilikuwa imesahau mwendo. Kanisani alifika tena mara nyingi, nyuma ya pikipiki yangu. Lakini ile safari ya miguu na Mama Nkatha, wakisengenya na kucheka njia nzima, haikurudi hadi tulipomzika.

Sasa nakujibu. Koli anataka kazi. Akiikosa, atachunga chochote kinachotembea. Labrado anataka kukimbia na kuwa na watu, naye asipofundishwa anaweza kumwangusha mtoto kwa furaha tu. Hayo utayasoma mwenyewe. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe unatoka alfajiri. Wanaoshinda na mbwa ni mkeo na mtoto anayejifunza kutembea. Walete mbwa wote wawili mbele yao, uliza, kisha nyamaza usikie. Halafu, mbwa akishakua, rudi nyumbani siku moja mapema uone kinachotendeka usipokuwepo. Na uyachunge maneno unayomtupia kwa hasira mtu anayekupenda, maana anaweza kuyatii.

Mungu akupe jicho la kumwona anayenyamaza ndani ya nyumba yako. Lango lako lifunguke kwa mkono wa kila aliye ndani, na atokaye arudi akicheka.