Kabla Hajawa Kibudu

Mdogo wangu Zuena hakulia baba alipokufa. Nalisema mapema msije mkadhani nimekuja kumsifu tu. Mimi nililia mpaka majirani wa Majengo wakaniletea maji, na yeye alikuwa jikoni anapanga vikombe vya wageni, vipini vyote vimeelekea upande mmoja. Siku ile nilimchukia kidogo. Khitma ilipokwisha alirudi kwenye kompyuta yake pale sebuleni, mimi nikarudi kwenye cherehani yangu, na maisha yakaendelea hivyo.

Baba yetu, Mzee Shakir, alikuwa mchinjaji. Huku Nyeri mwenye bucha anaweza kuwa mtu yeyote, lakini kisu hushikwa na mtu wa Majengo, mtaa wetu wa Waislamu, ili kila mteja ale bila wasiwasi. Na baba alikuwa na neno lake: mchinjaji haitwi mara mbili. Mnyama akianguka shambani, mwenyewe hutimua mbio kuja kwetu kabla roho haijatoka. Akifa bila kisu amekuwa kibudu, na kibudu hakiliwi. Baba aliacha hata chai mezani kwa ajili ya ng'ombe wa watu.

Msimu wa mvua kubwa alitoka vivyo hivyo, kwenda kumchinja kondoo wa mtu upande wa Nanyuki. Kondoo alikuwa ametupa mimba na anatokwa na damu puani. Damu ilimrukia baba usoni, akajifuta kwa mkono wa shati, akanawa, akarudi nyumbani. Ikaja homa, ikaja damu kwenye fizi, kisha tukamzika. Madaktari walisema ni homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake huletwa na mbu baada ya mvua, huingia kwa mifugo, na mchinjaji hukipata kwenye damu.

Zuena alikuwa amesomea mambo ya protini chuoni, na kabla ya msiba alikuwa akishughulika na magonjwa ya kahawa. Baada ya msiba aliacha kahawa. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini usiku na mchana kwenye hicho kioo.

"Kirusi kina vishikizo juu ya ganda lake, dada Salwa," alinijibu, macho hayatoki kwenye kompyuta. "Bila kujishikiza kwenye seli ya mtu, hakiingii ndani. Mimi nabuni protini ndogo ya kuvifunika vile vishikizo."

"Unaitoa wapi?"

"Haiko popote duniani. Kompyuta inabuni umbo lake kutoka mwanzo, likae pale kama kifungo kwenye tundu lake. Kisha wenzangu wa maabara wanaitengeneza, tunaona kama inashika."

Nyingi hazikushika. Kwenye kompyuta zilikuwa nzuri ajabu, rangi rangi kama leso ya Idi, lakini zikifika maabara zinagandamana kama uji uliopoa. Zuena alikuwa ananipa habari hizo huku anatia chumvi kwenye maharagwe, kwa sauti ileile ya kuniambia sabuni imekwisha. Kisha anaketi na kuanza upya.

Halafu jioni moja, simu ikaingia kutoka Nairobi, kwenye ile maabara yenye ulinzi wa kuweza kukishika kirusi chenyewe. Akasikiliza, akasema asante, akakata.

"Imeshika," alituambia. "Wameweka seli, wakaweka kirusi na protini yangu. Seli hazikufa."

Nilipiga kigelegele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Zuena alikuwa anakoroga chai.

"Hufurahi wewe?"

"Sijui, dada. Najua nafaa kufurahi. Nikijitafuta humu ndani sioni kitu. Tangu baba aende sioni kitu."

Jamal, kitinda mimba wetu, ndiye aliyerithi kisu cha baba. Alikuwa amekaa mlangoni anavua gambuti.

"Basi nidunge hiyo kitu," alisema akicheka. "Si niko na kazi kesho?"

"Bado. Hiyo ni ya kwenye sahani ya maabara. Kuna panya, kuna kondoo, ndio waje watu. Ni miaka, Jamal."

"Ati miaka? Na mvua iko hapa?"

Mvua ilikuwa hapa kweli, maji yamesimama mpaka nyuma ya msikiti. Gari la daktari wa mifugo lilikuwa limepita na kipaza sauti, likikataza watu wasichinje mnyama mgonjwa. Jamal aliitikia kama wote. Lakini daktari ni daktari, na neno la baba ni neno la baba.

Jumamosi asubuhi bibi kizee mmoja wa kule bondeni, Shosho Wakiuru, akatufikia mbio, sketi imejaa matope.

"Jamal wa Shakir! Kondoo yangu inakufa! Kuja haraka!"

Alikuwa na kondoo yule mmoja tu, na alikuwa amemnenepesha kwa harusi ya mjukuu wake. Jamal alikwishasimama.

"Iko na nini, shosho?"

"Imevimba tumbo tu. Imekula nyasi ya maji. Kuja!"

Nilimtazama Zuena nikitegemea azibe mlango. Badala yake akaleta mkoba wake wa kazi.

"Nenda," alimwambia Jamal. "Lakini vaa hizi kwanza."

Damu ilinichemka. Nikasema moyoni, huyu msichana ni jiwe, atamvisha ndugu yake vizuri kisha amwache aende kufa. Alimvisha miwani ya plastiki. Akamvisha glavu, akaona moja ina tundu, akaenda kutafuta nyingine. Akaja kwenye aproni, akafunga kamba za shingoni, akazifungua, akasema zimelegea.

"Haiya!" Shosho Wakiuru akapiga makofi kule nje. "Kwani mnavalisha bibi harusi?"

Mimi ni fundi wa nguo, na fundo alilofunga Zuena lilikuwa zuri. Nililiona kwa macho yangu. Akalifungua. Akafunga lingine la kiunoni, zuri vilevile, akalifungua na hilo. Jamal anasema haraka, dada, haraka, na yeye anaitikia ndiyo, ndiyo, vidole vinatembea polepole. Nikamwacha afunge na kufungua, nikaketi kwenye cherehani yangu.

Simu ya Shosho ikalia. Alikuwa mkwe wake, Nyawira, na sote tulimsikia: imekufa.

Shosho aliketi kwenye ngazi yetu akalia kama mtoto. "Shakir angekuja hata na nguo za kulala," alisema. "Shakir hangenifanyia hii maneno." Nilimpa maji, hakuyataka. Alikuwa anasema kweli. Alipoondoka, Zuena alimpigia simu daktari wa mifugo, akamwomba afike bondeni kabla mtu yeyote hajamgusa yule kondoo.

Jamal alibaki katikati ya sebule na aproni inaning'inia. Alizitazama zile kamba kwa muda.

"Ulifanya makusudi."

"Ndiyo," alisema Zuena.

"Na kama ilikuwa tumbo tu?"

"Basi nimemdhulumu shosho wa watu. Nitaenda kumwangukia miguuni."

"Umenifanya nikatae mtu!" Jamal alizivua glavu akazitupa chini. "Mimi! Baba hakuwahi kukataa mtu!"

"Hakuwahi," alisema Zuena. "Ndiyo maana tulimzika."

Jamal aliuchukua mfuko wa kisu, akafika mlangoni, akageuka.

"Hii sitakusamehe, dada. Nakuambia mbele ya Salwa."

Zuena aliinama akaziokota glavu.

"Usinisamehe," alimwambia. "Nikasirikie mpaka uzeeke."