Zozobra, Neno la Fundi wa Mashua

Neno hilo nililipata kwa fundi Mhispania aliyekuja kwetu Ikombe kutengeneza mashua ya Wadachi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Siku ile mama na mjomba waliondoka alfajiri, mtumbwi umejaa vyungu vya kubadilisha kwa mpunga kule Mwaya. Mimi nilibaki nikiota wali, naona hata mvuke wake. Kabla ya adhuhuri mwera, upepo wa kusini, ukavuma, ziwa likageuka jeupe kwa mapovu.

"Bwana fundi, siuoni mtumbwi wetu."

Akaweka nyundo chini. "Kwetu tunasema zozobra."

"Yaani woga?"

"Hapana. Simba ukimwona, huo woga. Majani yakitikisika, hujui simba au mbuzi, hiyo zozobra. Mama yangu aliishi ndani yake kila baba alipokwenda kuvua."

Aliishi ndani yake, alisema, kama mtu aishivyo nyumbani. Nikatamani kucheka, lakini macho yalirudi ziwani.

Ndipo vyungu vikaanza kuja vikielea, midomo imefunikwa majani makavu ya mgomba. Shangazi alipoona michoro myeupe ya mama, akajitupa mchangani na kuanza kulia msiba. Wanawake wengine wakapokea.

Nikaingia majini nikavuta chungu kimoja. Kikaja na cha pili, na cha tatu, shingo kwa shingo, vimefungwa kamba. Sisi wafinyanzi tukizidiwa na upepo hatutupi vyungu. Tunavifunga pamoja na kuviweka majini taratibu, ziwa livilete lenyewe. Basi mama aliviweka kwa mikono yake. Lakini baada ya kuviweka? Kamba haikuniambia. Nikaishika vivyo hivyo, nikisikia kilio nyuma yangu, nisijue nilie nao au niwanyamazishe. Fundi alikuja akasimama majini karibu nami, viatu miguuni.

Jua lilikuwa limeshainama mama alipotokea kwa miguu, akipita juu ya mawe ya ufukweni, kalowa chepechepe, mjomba nyuma na kasia begani; mtumbwi walikuwa wameuvuta nchi kavu ng'ambo ya mawe.

"Nani amekufa?" akauliza.

Shangazi akajifuta mchanga usoni.

"Ah, wifi! Ni mimi? Na unanililia kwa kasauti hako? Leo utapika wewe, chakula cha msiba wangu."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi ndipo nilipolia.

Asubuhi mama alikuwa ameketi kwenye udongo wake, akipapasa vyungu vilivyorudi kutafuta nyufa. Nikamweleza neno la fundi. Akalijaribu mdomoni mara kadhaa.

"Mwambie ndaga, asante," akasema. "Sasa lete kamba. Upepo ukitulia, kesho tunakwenda Mwaya, na wewe utapiga kasia."

Nikaleta kamba. Nje majani ya mgomba yalitikisika kidogo, nami nikasimama mlangoni nikisikiliza.