Maiki na Sehemu ya Nne ya Buti

Jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwenye leseni ya ukumbi wake wa filamu, lakini hata mkaguzi aliyekuja kuitazama leseni hiyo alimwita Maiki. Kwa miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, akizifanya filamu za kigeni ziseme Kiswahili. Alisikiliza sentensi ya mgeni, akaimeza, kisha akatutolea sisi ikiwa imeshaiva. Stelingi akipigwa risasi, Maiki aliugua. Adui akicheka, Maiki alicheka mpaka akapaliwa. Mwanamke akilia, alilegeza sauti ikawa nyembamba kama uzi, na hakuna aliyemwona kituko.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Asubuhi ya siku ya onyesho alijifungia ukumbini peke yake, akautazama mkanda mzima na kuandika kwenye daftari nani ni nani, nani ana kinyongo na nani, na ni wapi atalazimika kusimama. Kusimama kulikuwa sehemu ya kazi. Ukumbini waliingia akina mama na watoto wao, mababu na wajukuu, kwa hiyo midomo ya watu wawili ilipokaribiana kwenye televisheni, Maiki aliinuka, akaziba kioo kwa shati lake pana, na kuendelea kutusimulia huku ametugeuzia uso: "Hapa wanajadiliana mambo ya kazi." Mtaani kwetu, wachumba wakionekana wamesimama karibu mno, mtu atasema, "Wale wanataka mgongo wa Maiki."

Filamu zilizomjengea sifa zilikuwa za Buti. Jina hilo tulimpa sisi yule stelingi, kwa sababu hakuvuka hata mto mmoja bila buti zake kuonyeshwa kwa karibu. Kazi yake ilikuwa kutafuta miji iliyopotea. Pamoja naye alikuwapo mwanamke mwembamba aliyebeba kamba begani. Huyo tulimwita Dada Kamba, kwa kuwa Maiki alituambia kwamba ni dada yake. Tulizitazama sehemu zote tatu mpaka tukawa tunatangulia maneno.

Ukweli ni kwamba hawakuwa ndugu, na Maiki alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo mama yake Maiki alikuwa na siku tisa kaburini. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani mwenye chumba cha kushonea mlango wa pili kutoka ukumbini, alikuwa hajatia kitu cha maana mdomoni tangu mazishi. Maiki alimshika mkono, akamkalisha benchi la mbele ili asibaki peke yake na vitambaa vyake. Filamu ilifika kwenye daraja lililokatika. Buti alikuwa ananing'inia, na mwanamke yuko juu, ameing'ang'ania kamba, viganja vinatoka damu. Mwanamke akapaza sauti. Alichosema kwa lugha yao ni kwamba Buti autupe mfuko wa dhahabu, la sivyo wote wawili watakufa kwa ujinga wake. Maiki alimtazama mdogo wake, kisha akasema kwenye kipaza sauti:

"Kaka, mama ametuacha wawili tu. Siachii."

Fundi akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia mpaka kanga ikalowa, na jioni ile akala sahani nzima.

"Ningefanyaje?" Maiki aliniambia miaka mingi baadaye. "Neno limetoka, na limemlisha mtu. Ningelirudisha vipi?"

Angeishia hapo, pengine hadithi hii isingekuwa na uchungu. Lakini sehemu ya pili ya Buti ilitufikia mwaka ambao mpima ardhi mmoja, mtu mpole wa maneno machache, alimposa fundi. Alikuwa amehamishiwa mji wa mbali na alitaka waondoke pamoja. Fundi akaomba siku kumi za kufikiri. Ndani ya siku hizo kumi tukaitazama sehemu ya pili. Kuna mahali, kwenye kituo cha treni, mwanamke na Buti wanazungumza. Baada ya hapo Buti anaonekana peke yake jangwani, na yule mwanamke haonekani tena katika sehemu hiyo. Maiki alileta sauti ya chini kuliko zote alizowahi kutoa: "Siendi popote, kaka. Nani atabaki na nyumba ya mama?" Akatueleza kwamba Dada Kamba amebaki nyumbani.

Siku mbili baadaye fundi alimpa mpima ardhi jibu la hapana. Sisi tulimsifu. Tulisema mwanamke yule ana utu, anajua damu ni nzito kuliko maji. Mpima ardhi akaondoka na masanduku yake mawili, na fundi akarudi kwenye cherehani.

Miaka ikapita. Televisheni ya ukumbi ikaondolewa, ikaja projekta, na ukuta wa mbele ukapakwa chokaa ili upokee picha. Nywele za Maiki zikaingia mvi. Kisha, miaka kumi na tisa tangu sehemu ya tatu, habari zikazagaa kwamba Buti anarudi.

Sidhani kama mtaa wetu umewahi kungoja kitu kwa hamu kama ile. Watu waliokuwa wameacha kuja ukumbini walirudi na viti vyao wenyewe. Kinyozi alifunga duka Jumamosi mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Fundi alikaa palepale, benchi la mbele, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

Maiki alikuwa ameitazama filamu asubuhi, kama kawaida yake. Alipotufungulia mlango saa tisa, hakumsalimu mtu. Tulidhani ana mafua.

Buti alitokea ukutani akiwa na mvi hadi kwenye nyusi. Ukumbi ulishangilia, halafu ukatulia.

"Amezeeka," alisema kinyozi.

"Wewe umebaki kijana?" mkewe akamjibu.

"Magoti yake yanalia. Nimeyasikia."

"Hayo ni yako. Sogea huko."

Buti akaingia kwenye nyumba moja ndogo. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya yeye na Dada Kamba wakiwa vijana, mwanamke amevaa gauni jeupe lililofika chini, mwanamume ana ua kifuani.

"Hii ni picha ya siku dada yake alipohitimu chuo," alisema Maiki.

"Na huyu Buti ua la nini?" aliuliza kinyozi.

"Alimsindikiza."

Kukatokea msichana mrefu, akamkimbilia Buti na kumkumbatia, akilia, "Dedi."

"Anamwita mjomba," alisema Maiki.

Katikati ya ukumbi alikuwa amekaa muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, mwanamke asiyependa kupoteza maneno. "Maiki," alisema, "hilo neno halihitaji mkalimani."

Watu wakacheka, ila kwa wasiwasi. Maiki akakazana. Akasema msichana amelelewa na mjomba hivyo amezoea kumwita baba. Akasema mengine, na kila alilosema lilipishana na lililokuwa ukutani. Hatimaye Buti na yule mwanamke, wazee wote wawili, wakakutana jikoni. Wakazungumza muda mrefu bila Maiki kutafsiri hata neno. Halafu nyuso zao zikasogeleana.

Maiki aliinuka kama alivyozoea. Lakini ukuta haukuwa televisheni. Picha ilitoka kwenye projekta nyuma yetu, na busu lote likaangukia kwenye shati lake, kubwa kuliko yeye, mdomo wa mwanamke ukichezacheza begani pake.

"Kaka," alisema fundi kutoka benchi la mbele, bila kupaza sauti. "Kaa chini."

Maiki alikaa. Kuanzia hapo mpaka mwisho alitafsiri kila neno kama lilivyosemwa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji.

Nje, mtaa ukagawanyika papo hapo.

"Miaka kumi na tisa nimengoja," alisema kinyozi, "naletewa mzee anaomba msamaha jikoni. Mto uko wapi? Mapango yako wapi? Mji uliopotea uko wapi?"

"Ni ileile nyumba yake," muuguzi akamjibu. "Mimi nasema hii ndiyo nzuri kuliko zote nne. Mara ya kwanza mwanamume kwenye filamu hizi anakiri kosa."

"Nikitaka mwanamume anayekiri kosa nitabaki nyumbani."

"Nyumbani yupo?" mkewe akauliza.

Wengine waliona wameibiwa utoto wao, wakasema heri filamu isingetengenezwa kabisa, Buti angebaki kijana vichwani mwetu. Wengine walifuta machozi na kutaka irudiwe kesho yake. Lakini bibi mmoja muuza mboga alikuwa na shida tofauti na wote. "Mimi sielewi," alisema. "Ndugu wa tumbo moja wanaoanaje?"

Ndipo muuguzi alipotoa simu yake. Zile sehemu tatu za zamani siku hizi zina maandishi chini, alisema, na yeye alizirudia zote wiki iliyopita ili ajiandae. Hapakuwa na dada. Palikuwa na mchumba, akawa mke, akamwacha mumewe kituoni, akarudiana naye, wakaachana tena. Darajani hakumtaja mama wala nani.

"Kwa hiyo yule dada niliyemlilia miaka yote ni mke wa mtu?" aliuliza bibi.

"Ulimlilia Maiki, bibi."

Kinyozi, aliyekuwa akiilaani filamu, akageuza hasira. Akasema kumbe aliyewasaliti si watu wa ng'ambo, ni jirani yao. Mkewe akasema yeye anazipenda za Maiki kuliko hizo za kweli, na kama mtu alidanganya vizuri miaka ishirini, kwa nini anashindwa kumalizia? Wakabishana mpaka wakasahau kilichoanzisha ubishi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alijizungushia ile futi mkononi, akaingia chumbani kwake, na cherehani haikulia tena siku ile.

Asubuhi alimkuta kaka yake ukumbini anapanga mabenchi. Haya nayasimulia kama Maiki mwenyewe alivyonisimulia.

"Kaka, pale darajani alisema nini?"

"Alisema atupe dhahabu."

"Hakumtaja mama."

"Hakumtaja."

Fundi alikubali kwa kichwa. "Hilo nimekusamehe. Nilikuwa na njaa na ulinilisha." Akakaa kwenye benchi, si lile la mbele. "Na pale kituoni?"

Maiki alinyanyua benchi, akalihamisha, akalirudisha lilipokuwa.

"Nakuuliza, kaka. Alisema haendi?"

"Alisema anakwenda. Akasema asimfuate."

"Na ulijua mpima ardhi anangoja jibu."

"Nilijua."

"Ulinionea huruma?"

"Nilijionea huruma mimi. Nyumba ile, jikoni, wewe hayupo." Alijisikia amekosea maneno, jambo lisilomtokea. "Nilimaanisha, wewe hupo. Niliogopa."

"Ungeniambia hivyo," alisema fundi. "Ungekuja pale kwenye cherehani, ukaniambia, mdogo wangu, usiondoke, naogopa. Ningebaki. Unanijua, ningebaki na nisingejuta hata siku moja."

"Si ulibaki? Ulibaki kwa ajili yangu."

"Hapana. Nilibaki kwa ajili ya mwanamke ambaye alipanda treni."

Hakugombana naye zaidi ya hapo. Hakumnunia wala hakuacha kumwita kaka. Alimpelekea shati lililokwisha kutiwa vifungo, na alipopika alimwekea sehemu yake. Maiki alianza kuamini kwamba mambo yamekwisha. Ukumbini nako aliendelea na kazi. Walioipenda sehemu ya nne walikuja kuirudia, akaitafsiri sawasawa. Waliochukia walimwomba awaonyeshe zile za zamani na Dada Kamba wao wa zamani, akakataa, wakamwambia ameanza uaminifu katika umri mbaya.

Mwezi uliofuata fundi alipata barua kutoka hospitali ya macho, imeandikwa kwa lugha ileile ya filamu. Barua za namna hiyo aliziacha sikuzote mkononi mwa kaka yake, na hiyo pia alimpelekea. Maiki alivaa miwani, akaisoma polepole kuliko alivyowahi kusoma kitu maishani, akirudia kila sentensi. Aende Jumanne, saa nne asubuhi. Watamtia dawa itakayomfifisha macho kwa saa kadhaa, kwa hiyo aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

"Nitakupeleka," alisema.

"Asante, kaka."

Aliichukua barua, akaikunja mara mbili, akatoka. Maiki alibaki mlangoni pa ukumbi akimtazama. Alidhani anarudi kushona. Fundi alipita mlango wake bila kusimama, akavuka barabara, akaingia kwenye zahanati, akakaa kwenye foleni nyuma ya watu watatu, akangoja zamu yake. Muuguzi alipoipokea barua aliisoma kwa sauti: Jumanne, saa nne, dawa ya macho, aje na mtu. Yalikuwa yaleyale, hakuna lililozidi wala kupungua.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama Jumanne ana nafasi ya kumsindikiza.