Mlangoni pa Ishimwe

Hii mtaikataa, lakini Tonton Ngendakumana yuko tayari kuapa: hapa Kimanga kuna mama muuguzi aliyemrudisha padri nyumbani kwa sababu pua yake ilikuwa inachuruzika. Analinda mlango wa Ishimwe, mpwa wa Tonton, aliyerudi kutoka India akiwa amewekewa uboho mpya. Kinga yake bado changa. Kirusi kile cha adeno, ambacho weye kinakuachia mafua na macho mekundu tu, yeye kinaweza kumzika. Ukimnyooshea mama mkono umsalimie, anaumwagia maji ya ndoo. Kisha sabuni, kucha, na sauti ya chini kama anabembeleza mtoto: “Kohoa kidogo, papa, nikusikie.” Mikono yake mwenyewe imepauka kama ndagala waliokaushwa juani.

Juzi alipiga chafya. Hakubishana na pua yake: alimwachia Eliane, dada ya Ishimwe, ile ndoo, akabeba kiti akavuka barabara, na tangu hapo analinda kutoka ng’ambo, akipaza sauti juu ya pikipiki: “Na katikati ya vidole!” Leo Tonton amekuja kumwona mpwa wake, kavaa miwani nyeusi na jua hakuna. Akingoja maji, anawasimulia wageni: “Ile chafya iling’oa mabati matatu. Moja lilienda kuanguka mbali kule Makobola, na minye, kwa haya macho yangu makali, nikaliona liki—”

“Tonton,” mama akaita kutoka ng’ambo, “ilikuwa chafya ya kawaida, na weye hukuwepo. Hayo macho makali, toa miwani tuyaone.”