Majani Tuliyosukumiana

Kabla proje, mradi wa kusafisha bwawa letu, haijafika, magugu ya humo tuliyaita majani ya mayi, yaani ya maji, tukayatukana na kuyapita pembeni kwa mtumbwi. Kisha wakaja wageni wawili wenye buti safi, wakatufundisha kwamba jani lile ni mvamizi kutoka ng'ambo ya bahari, na kwamba dawa yake ni ubia wa jamii. Mimi ni mtu wa sokoni. Neno likiwa zuri sana, naligeuza kwanza nione kama chini limeoza.

Bwawa letu liko nyuma ya Kasapa, kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Katikati yake kuna kisiwa chenye udongo mweusi, na wanawake wachache tunalima huko. Mwaka ule nilikuwa na kabichi, mashu kama tunavyosema, na zote nilikuwa nimemwahidi mama mmoja anayepikia wanafunzi wa chuo. Huniita yaya, yaani dada mkubwa, na aliniambia wazi:

"Yaya, kama nakosa mashu yako siku masomo inafunguka, nitakamata ya Kasumbalesa. Na nikisha kuzoea ya Kasumbalesa, weye utauzisha nani?"

Siwezi kusema sikuonywa. Kabichi za Zambia, zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa, hushuka kwenye lori zimejipanga kama askari wa gwaride. Zangu ni tamu zaidi, lakini utamu hauvuki maji wenyewe, na majani yalikuwa yamefunga njia yote. Mtumbwi uligoma. Kule kisiwani vichwa vya kabichi vilikuwa vimekaza, vikingoja kupasuka.

Basi nilikwenda kwenye mkutano wa proje nikiwa na imani kubwa. Kulikuwa na bango, hema, na fulana zenye maandishi kifuani. Upande mmoja tulikaa sisi wanawake wa kisiwani, upande wa pili wavuvi wa ukingoni. Mjumbe wa proje akasimama katikati.

"Hii kazi iko yenu," alisema. "Shiye tutawasindikiza tu."

"Aksanti, papa," nikamjibu. "Lakini kwetu mwenye kusindikiza mugeni anabeba mizigo. Weye utabeba nini?"

Watu wakacheka, naye akacheka kwa taabu. Nikaomba reki mara mbili ya zile tulizohitaji. Akatupa nusu, akafurahi kwamba ametushinda. Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Zilitosha sawasawa.

Kisha, ili kuepusha magomvi, tulifanya jambo ambalo watu wa Lubumbashi tu wangelifanya: tuligawa maji kama parsele, viwanja vya nyumba. Kamba ikafungwa katikati ya bwawa, huku wavuvi, huku sisi. Mjumbe akasifu hekima yetu. Hakujua kwamba hapa kila mtu anafagia uwanja wake hadi mpaka, taka anamwachia jirani.

Siku ya salongo, kazi ya pamoja, tuliimba, tukafanya kazi kama watakatifu. Lakini jani lenye maji ni zito. Kulipandisha nchi kavu kunavunja mgongo, na kulisukuma kwa mti mrefu ni mchezo. Sisi tukasukuma kuelekea kamba. Wavuvi nao, watu wenye akili kama zetu, wakasukuma kuelekea kamba. Kufika saa sita bwawa lilikuwa na maji mawili safi ya kupendeza, na katikati yake ukuta wa kijani wenye maua ya zambarau, mnene hata ndege walitembea juu yake.

"Ba mama! Munatupa uchafu mu parsele yetu!" akapiga kelele mkubwa wa wavuvi.

"Parsele gani, papa? Leta karatasi yake tuone!"

"Shiye tulisafisha!"

"Na shiye tulisafisha!"

"Kama bote tulisafisha, hii majani inatoka wapi?"

"Ku Zambia," mmoja akajibu.

Mjumbe akapiga picha upande wetu, safi. Akazunguka kwa gari, akapiga picha upande wao, safi pia. Ukuta haukubahatika kupigwa picha. Akatupongeza, akatuachia komite, kamati yetu wenyewe, iendelee, akaondoka na usindikizaji wake.

Zilibaki siku mbili masomo yafunguke. Nikamwita mkubwa wa wavuvi kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Papa, wavu wako uko wapi?"

Ulikuwa chini ya ukuta, nami nilikuwa nimeona vijiti vyake.

"Bon," akasema. "Tukate kamba. Tutavuta majani bote pamoja, ila ku kwetu haitalala."

"Italala ku kwangu, juu kabisa kwenye inchi kavu. Lakini mutavuta nguvu."

"Na tutakula nini? Nusu ya mashu?"

"Nusu? Muko bavuvi ao nzige? Mutakula yenye kupasuka. Hiyo njo yenye butamu."

Alitaka na zisizopasuka. Tulibishana mpaka waume zetu na wake zao wakachoka kusikiliza, tukakubaliana: zilizopasuka zote, na safu moja ya nzima. Kesho yake tulivuta sote, bila fulana, na kabichi zikavuka.

Nilimkuta yule mama jikoni. Kando ya mlango kulikuwa tayari na rundo kutoka Kasumbalesa.

"Nilikuwa na woga, yaya," akasema.

Akakata moja yangu na moja ya kule, akatafuna kila moja kwa upande wake wa mdomo. Akaingiza zangu zote ndani, zikaelekea sufuria. Zile za Zambia akazipanga vizuri nje, penye kupita wanafunzi, ili wazione na kuvutika waingie.