Kiko cha Mama Kutoka Birere

Nilikwenda Goma kwa sababu kiko cha mama kilipasuka, naye hakutaka kingine ila cha mkono wa kaka yake, mchonga viko wa mtaa wa Birere. Walikuwa hawasemezani tangu mjomba auze kiwanja cha baba yao kule Majengo bila kumwambia.

"Usimuambie weye ni nani," mama aliniagiza. "Ununue sawa mutu yote. Na ulipe."

Asubuhi nilipanda boti Bukavu. Ziwa lilikuwa limetulia, akina mama wakisali rozari juu ya mifuko yao ya unga. Mimi nilikuwa nikijizoeza maneno ya kumwambia mjomba aliyeniona mara ya mwisho ningali mtoto wa kubebwa.

Bandarini Goma nilichukua moto, pikipiki ya abiria. Dereva alicheka. "Kiko? Kumbe bado kuna watu banavuta kiko?"

Birere, mbele ya duka la matairi, nilimkuta mjomba ameketi, viko vyake vimepangwa juu ya gunia. Nilimjua kwa masikio. Ni yale yale ya mama. Nilichagua kiko kidogo. Kichwa chake kilijaa kiganjani kama yai la bata, na mistari ya mti ilizunguka mdomo wake bila kukatika.

"Ni ya mwanamuke?" aliuliza.

"Ndiyo, muzee. Meno ya mbele hana. Anauma pembeni, kushoto."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akakichukua tena mkononi mwangu, akaupunguza mrija upande wa kushoto kwa kisu, akapitisha waya wa moto ndani, akasugua nta mpaka mti ukang'aa. Nilikuwa nimekwenda na hasira yangu tayari, lakini mikono ile ilifanya kazi kwa upole hata nikaona haya kuitazama.

"Anakohoa?" aliuliza bila kuinua macho.

"Anakohoa."

"Ni mama yako."

"Ndiyo, muzee. Ni bei gani?"

Akafuta kisu chake kwenye gunia. Pikipiki zilipita zikitimua vumbi jeusi. Hatimaye akataja bei, nami nikamnyooshea noti. Mkono wake haukuja.

"Ni yeye alisema ulipe?"

"Ni yeye."

"Basi, leta."

Kesho yake nilirudi kwa boti. Jioni, Bukavu, mama alikipokea kiko kwa mikono miwili. Alipapasa nta kwa kidole gumba, akatia mrija mdomoni. Ulikaa sawasawa.

"Amenijua," alisema, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka. Kisha akauliza, "Ile feza ya kiko, alikamata?"

"Alikamata, mama."

Akakitoa mdomoni. Akakifuta kwa pembe ya kitenge, akakitia ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa, akaniambia nifunge mlango kuna baridi. Hajakiwasha hata siku moja. Nilidhani nimetumwa kununua kiko. Kumbe mama alinituma ili nirudi na zile pesa mkononi, kaka yake amekataa kuzipokea.