Ushahidi wa Mwosha Maiti

Kazi ya kuosha maiti niliirithi kwa babangu hapa Malindi, na jambo la kwanza alilonifunza halikuwa maji wala sanda. Alinifunza kunyamaza. Ulichokiona kwa maiti, alisema, kizike naye. Nimewaosha wanaume wengi wa mtaa wetu wa Muyeye, na yapo mambo yao ambayo hata wake zao hawakuyajua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kwa hiyo sikusema kitu siku nilipomwosha mtoto wa jirani yangu, kijana fundi wa pikipiki. Polisi walimkamata jioni, na asubuhi babake akaitwa akachukue maiti. Aliambiwa kwamba mwanawe alipigana na askari, ikabidi watumie nguvu. Sheria inataka maiti wa namna hiyo apimwe na daktari kabla ya kuzikwa, lakini babake hakutaka kusikia habari ya kupasuliwa, na sisi maiti hatumcheleweshi. Wala hakutokea askari wa kumwambia angoje. Sala ya adhuhuri ilipokwisha tukaenda kuzika.

Mamake alifunuliwa uso tu, amuage. Uso haukuwa na alama yoyote. Waliokuja kumpa pole aliwaambia wote maneno yale yale, kwamba mwanawe ameondoka na uso mzuri, kama aliyelala. Nami nilikaa barazani kwao, nikanywa kahawa yao, nikanyamaza.

Baadaye akaja mpelelezi kutoka mamlaka inayowasimamia polisi, binti wa bara, mwenye adabu zake, aliyetuamkia shikamoo mmoja mmoja. Alitueleza kwamba askari haruhusiwi kutumia nguvu mpaka njia nyingine zishindikane, na hata hapo kwa kadiri ya haja tu. Tatizo ni kwamba polisi walishikilia kuwa kijana alipigana, na hapakuwa na wa kuwapinga. Ama kaburi lifukuliwe, ama apatikane mtu aliyeuona mwili.

"Mwanangu hafukuliwi," babake akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sheria ile niliiona nzuri. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wa kwetu naona hukata upande mmoja tu, na jambo hilo huniudhi. Lakini nilikwenda zangu nyumbani.

Mamake akanifuata.

"Kaka yangu, wewe mwili uliuona. Mimi nimeonyeshwa uso."

"Dada, mwosha hasemi. Wewe wajua."

"Hasemi aibu ya maiti. Haya waliyomtenda ni aibu ya mwanangu?"

Nilikasirika, kwa kuwa alinishinda kwa fundisho la babangu mwenyewe. Nilijua pia kwamba nikisema, wapo watakaokataa nisiwaguse maiti wao, na kweli wapo hadi leo. Nikamwambia nitakwenda.

Mpelelezi alitupokea katika ofisi ndogo mjini. Nilimwomba mama yule angoje nje, akakataa, akavuta kiti akaketi nyuma yangu. Nikaeleza kama nilivyoona: alama za rungu mgongoni, tangu mabegani hadi kiunoni, na kisogoni jeraha moja kubwa, ambalo ndilo nililolisitiri kwa pamba na sanda.

"Na mikono, mzee?" mpelelezi akauliza.

Mikono ilikuwa mizima. Vidole havikuchubuka hata kimoja. Palipoumia ni kwenye vifundo vya mikono tu, pingu ilipokaa.

Mpelelezi aliacha kuandika, akanitazama. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta, maana mtu mwenye pingu mikononi hapigani na askari, na hapakuwa tena na haja ya nguvu yoyote. Akaniuliza kama nitalisema mbele ya hakimu. Nikasema nitalisema. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilihisi nimetua mzigo, na nikageuka kumtazama mama yule nikidhani naye ametua wake.

Alikuwa amekunja mikono yake nyuma ya mgongo, vifundo kwa vifundo, na kichwa amekiinamisha taratibu kuelekea magotini, kama anayejipima nguo.

"Basi walimlaza kifudifudi," alisema. "Ndiyo maana uso ulikuwa mzuri."